Ndege ya Viti Vinne, Watu Watatu

Shemeji yangu ni daktari wa macho. Anaishi Nairobi, lakini wagonjwa anaowahangaikia wako Malindi, Lamu, Garissa na Marsabit: wazee waliozibwa macho na mtoto wa jicho, hawana nauli wala mtu wa kuwashika mkono hadi mjini. Kambi ya upasuaji ya siku moja humla siku mbili za barabara, ya kwenda na ya kurudi. Kwa hiyo alipomaliza kusomea urubani na kupata leseni yake ya binafsi, hakuna aliyeshangaa kusikia kwamba yeye na madaktari wenzake wawili wameanza kuchanga wanunue ndege ndogo.

Kilichonishangaza ni kualikwa. Walikuwa wameonyeshwa Cessna 182 ya miaka ya sabini, mali ya mzee mmoja aliyechoka kulipia bima ya kitu asichokitumia, na mzee alikubali waijaribu kwa safari ya kweli kabla ya kuzungumza bei. "Njoo, shemeji," aliniambia kwa simu. "Tunakwenda kwenu Malindi. Tena tunataka mtu wa kukaa nyuma, mwenye uzito wake." Sikuwahi kuitwa mahali kwa ajili ya kilo zangu. Lakini kwetu ni kwetu, na ndege ndogo kuliko zote nilizokuwa nimepanda hadi siku hiyo ilikuwa na mhudumu wa kugawa soda. Nikaenda.

Wilson si uwanja wa kuogopesha. Uko ubavuni mwa barabara ya Lang'ata, umepakana na Mbuga ya Nairobi, na ndani yake ndege zimeegeshwa karibu karibu: za watalii, za miraa, za wanafunzi, za AMREF, shirika lililoanzishwa mwaka 1957 na madaktari wapasuaji waliotaka kitu kile kile anachokitaka shemeji, kumfikia mgonjwa kabla barabara haijammaliza. Jina la uwanja limetokana na Florence Kerr Wilson, mjane aliyeanzisha kampuni ya Wilson Airways mwaka 1929. Tangu enzi hizo watu wamekuwa wakisimama pale na kikombe cha chai, wakibishana ni ndege gani inafaa nchi hii.

Sisi tulibishana pia. Tulikuwa wanne mezani: shemeji, mwenzake ambaye ni daktari wa meno, mimi, na mwalimu aliyemfunza shemeji kuruka, mama wa makamo ambaye kila mtu pale humwita Kapteni, ila shemeji bado humwita Mwalimu. Mshirika wa tatu alikuwa zamu hospitalini na alikuwa ametuma neno kwamba atakubali lolote mradi lisiwe ghali.

Daktari wa meno moyo wake ulikuwa kwa Cirrus SR22. Alikuwa na picha zake kwenye simu, na sikumlaumu, maana ni ndege nzuri: injini ya nguvu ya farasi 310, mwendo unaopita noti 170, yaani maili 170 za baharini kwa saa, na parashuti kubwa iliyofichwa mgongoni ambayo, mambo yakiharibika, huishusha ndege nzima na watu wake. "Bibi yangu ameshasema hapandi isiyo na parashuti," alisema. Kapteni alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa upole, "Daktari, Marsabit utatua wapi?"

Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza kuwa ya kweli. Cirrus imetengenezwa kwa lami safi. Magurudumu yake ni madogo, yamevikwa vifuniko, na propela yake haipendi mawe. Viwanja vingi wanavyohitaji madaktari hawa ni vya changarawe, na vingine ni vya udongo unaogeuka uji mvua ikinyesha. Halafu Kapteni akachukua kalamu na kufanya hesabu iliyonivutia kuliko maneno yote ya asubuhi ile. Kutoka Wilson hadi Malindi ni kama maili 228 za baharini, yaani kilomita 420 na kidogo. Kwa noti 170 ni saa moja na dakika ishirini. Kwa noti 135, mwendo wa 182 yenye mzigo, ni saa moja na dakika arubaini. "Dakika ishirini," alisema. "Hizo utazimaliza pale mwisho wa njia ukisubiri mnara ukuruhusu uruke."

Daktari wa meno hakukata tamaa. Alitaja Bonanza, kisha Cessna 210, ndege zenye magurudumu yanayokunjwa zikishapaa. Kapteni alikuwa na majibu yake tayari: kila kinachokunjwa kina mota, vali, waya na swichi, na vumbi la Kaskazini huingia kote huko. Bima hupanda, bili ya fundi hupanda. Na rubani anayeruka mara moja moja ndiye anayeweza kusahau kuyateremsha.

Shemeji yeye alikuwa na mchumba wa siri: Diamond DA40 yenye injini ya dizeli. Sababu yake ilikuwa nzuri. Ndege ndogo nyingi za injini za pistoni hunywa avgas, petroli ya ndege iliyotiwa rangi ya buluu, na avgas haipatikani kila mahali. Kinachopatikana kwa urahisi ni Jet A-1, inayokaribiana na mafuta ya taa ya nyumbani, kwa sababu ndiyo inayotumiwa na Cessna Caravan na ndege zote kubwa. Injini ya dizeli hutumia hiyo hiyo, tena kidogo, na kwa kuwa ina turbo haihangaiki sana na mwinuko wa Nairobi. Lakini bei ya iliyo nzima iliwatoa jasho, mafundi wanaoijua ni wachache, na mzigo inaoubeba ni wa watu wembamba. Shemeji alikunja karatasi yake akaitia mfukoni. Sidhani kama ameitupa.

Cessna 172, ile iliyotengenezwa kwa wingi kuliko ndege nyingine yoyote duniani, zaidi ya 44,000, haikukaa mezani hata kwa dakika tano. Wote walijifunzia humo, wote wanaipenda. Kwa watu wawili na mkoba inatosha na hainywi sana. Kwa kazi yao haitoshi. Basi zikabaki mbili: 182 iliyokuwa ikitungoja nje, na 206, ndugu yake mkubwa mwenye viti sita, farasi 300 na mlango mpana wa mizigo nyuma. Afrika Mashariki yote inaijua 206. Ukiona ndege ndogo imesimama kwenye kiwanja cha vumbi, mlango wazi, watu wanashusha magunia, aghalabu ni hiyo.

"Kabla hamjanitajia jina la ndege tena," Kapteni alisema, "nipeni safari zenu za mwaka jana. Mlikwenda wapi, mkiwa wangapi, mmebeba nini." Shemeji alizitoa kwenye simu yake. Nyingi zilikuwa za sura moja: daktari, muuguzi, sanduku la darubini ya upasuaji, katoni za lenzi na dawa. Kambi kubwa za watu watano au sita zilikuwa chache mno. Kapteni hakusema kitu. Alipiga mstari chini ya neno moja, akanywa chai yake.

Tulipotoka nje, fundi alikuwa bado ana kazi. Madaktari walikuwa wamemwajiri wa kwao, si wa muuzaji, na nadhani hizo ndizo pesa walizotumia kwa akili kuliko zote. Alikuwa ameifungua filta ya oili kwa kikata bati, akaichomoa karatasi iliyokunjwa kunjwa ndani yake na kuikunjua juu ya meza, mkunjo kwa mkunjo, akiisogeza kuelekea jua. Alikuwa akitafuta chembe za chuma. Akipata zinazong'aa, injini inajila. Alipitisha sumaku, akaifuta kwa kidole, akanionyesha kidole chenyewe: cheusi tupu. "Hii ni masizi tu, mzee," alisema. "Masizi si neno."

Silinda ndizo zilizomkunja uso. Injini ya 182 hii ni Continental ya silinda sita. Fundi huingiza hewa yenye shinikizo la psi 80 kwenye kila moja, kisha husoma ni kiasi gani kinabaki bila kuvuja. Tano zilisoma zaidi ya 70. Ya tatu ilisoma 58. Alituita tusikilize kwenye bomba la moshi, na kweli, ukitega sikio ulisikia pumzi ikipita taratibu. Vali haikai sawa, alisema. Si hatari ya leo, ila ni pesa za kesho, na aliandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi ambayo mzee muuzaji angeisoma.

Aliniambia jambo jingine ambalo sikulitarajia. Mimi nilidhani ndege iliyoruka kidogo ni bora, kama gari lililotembea kidogo. Fundi alitikisa kichwa. Injini ya ndege inayolala hukauka oili juu, kutu ikaushika mhimili wa vali, na siku ikiamshwa kutu hiyo husaga chuma. Kwa hiyo yeye huogopa zaidi injini iliyokaa miaka kumi bila kazi kuliko iliyoruka kila wiki. Na ndege iliyolazwa Pwani, aliongeza akinitazama kama kwamba chumvi ya bahari ni kosa la sisi watu wa huko, lazima ufunue mazulia yake na kukagua sakafu.

Kisha ikaja mizani. Mizani yenyewe ilikuwa ya kawaida, ya kupimia magunia, imewekwa kwenye sakafu ya banda la ndege. Kapteni alipanda kwanza: 62. Shemeji 88. Daktari wa meno 81. Mimi 94, nikiwa nimevua viatu, na hakuna aliyecheka kwa sauti. Mizigo: sanduku la shemeji kilo 18, mikoba 9, na gunia langu dogo la viazi vya Kinangop, kilo 14, maana mama yangu ameshikilia kwamba viazi vya sokoni Malindi si viazi. Jumla ya watu na vitu: 366.

Ndege hii, ukitoa uzito wake yenyewe, inaruhusiwa kubeba kama kilo 520, mafuta yakiwa ndani ya hesabu. Matangi yakijaa hubeba lita 284 za kutumika, na kila lita ni gramu 720 au zaidi kidogo. Hizo ni kilo 204. Ongeza 366 uone: 570. Viti vinne vipo, mikanda minne ipo, watu wanne tupo, na tayari tumezidi kwa kilo 50.

"Punguzeni mafuta," alisema daktari wa meno. Lingekuwa jambo rahisi kama Malindi kungekuwa na avgas ya kutuongezea, lakini mtu wa mafuta alikuwa amejibu simu jioni iliyotangulia kwamba pipa tulilotarajia halijafika. Kwa hiyo ilibidi tubebe ya kwenda, ya kurudi na ya akiba: lita 230, kilo 166. Jumla 532. Bado tumezidi kwa 12. Macho yote yakaelekea kwenye viazi. Nilivitoa. Ikawa 518.

Daktari wa meno alipiga makofi. Kapteni aliitazama karatasi, akautazama mfuko wa upepo, akakitazama kipimajoto kilichoning'inia mlangoni. "Kitabu kimekubali," alisema. "Mimi sijakubali."

Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia tatu ya nguvu zake kwa kila futi elfu. Hapo hapo chini, kabla haijasogea, farasi 230 zimeshapungua kwa sehemu moja ya sita. Joto nalo hufanya hewa kuwa nyepesi zaidi: mchana wa Februari, ndege iliyosimama Wilson huhisi kama imesimama juu ya futi 8,000. Mabawa hushika kidogo, propela huvuta kidogo, injini hupumua kidogo, yote kwa wakati mmoja. Kilo mbili za akiba, kwa mizani ya magunia na ndege ya miaka hamsini, hakutaka hata kuzijadili.

Aliyebaki ni daktari wa meno. Alikubali kwa heshima, na nadhani pia kwa sababu alikuwa na wagonjwa saa nne. Ikawa watu watatu, viazi vikarudi ndani, matangi yakajazwa mpaka juu, na jumla ikasoma 489. Sasa nilielewa mstari ambao Kapteni alikuwa ameupiga kwenye simu ya shemeji, chini ya neno muuguzi. Ndege ya viti vinne ni ya watu watatu, na safari zake nyingi hazikuzidi watu watatu.

Shemeji alizunguka ndege akiigusa kila mahali. Chini ya kila bawa alikinga kikombe kidogo cha plastiki cheupe, akafungulia kivalvu, akainua mafuta hadi usawa wa macho. Yalikuwa buluu hafifu, safi. Maji yakiwemo hukaa chini ya kikombe kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, na mtu akiwa amekosea kutia Jet A-1, rangi hupotea na mkono huhisi utelezi. Injini ya petroli iliyotiwa mafuta ya taa huruka kwa muda mfupi tu, wakati mwingine ukitosha tu kuipeleka juu ya nyumba za watu. Alimwaga, akarudia upande wa pili.

Ndani, goti langu liliugusa mgongo wa kiti cha Kapteni. Nilivikwa vifunika masikio vyenye kipaza sauti, nikaonywa nisiguse kitu na nisiseme kitu mnara unapozungumza. Mbele ya shemeji kulikuwa na saa moja ambayo Kapteni alinionyesha kwa kidole, ya kupimia hewa inayoingia kwenye injini. "Iangalie hiyo tu," alisema. Shemeji alisukuma mkono wa nguvu mpaka mwisho. Sindano ilipanda na kusimama kwenye 24, haikuongeza hata nywele. Akazungusha kidogo kitufe chekundu cha kupunguzia petroli ili ilingane na hewa iliyopo, sauti ya injini ikanyooka, na njia ikaanza kukimbia chini yetu.

Ilikuwa asubuhi ya saa moja na nusu, baridi bado ipo. Hata hivyo nilihisi muda ni mrefu. Kisha mtikisiko ukakoma ghafla, uzio ukapita, na chini kulikuwa na nyasi za mbuga na kongoti watatu wakielea kwa utulivu, mahali ambapo nisingependa kuwaona. Mwaka 1959 tai mmoja alimwangusha mtafiti wa wanyamapori Michael Grzimek kule Serengeti, akiwa kwenye Dornier Do 27 iliyopakwa milia ya punda milia. Nilikuwa nimesoma habari hiyo usiku wa kuamkia safari, jambo ambalo simshauri mtu.

Mnara ulitutaka tubaki chini hadi tuipite anga ya Jomo Kenyatta. Baada ya hapo tulianza kupanda, futi 700 kwa dakika, vilima vya Machakos vikaja na kupita, na tulipofika futi 9,500 shemeji alipunguza nguvu, akatulia, akaanza kuwa rubani badala ya mwanafunzi. Bawa likiwa juu ya kichwa, unaiona nchi yote chini na una kivuli. Hilo peke yake lingetosha kunifanya nisinunue ndege ya mabawa ya chini, ingawa wenye Piper wana hoja zao.

Kulia, Kilimanjaro ilikuwa imejitokeza juu ya utusitusi, nyeupe kileleni. Nilimwuliza Kapteni kama tunaweza kuupita juu. Alicheka. Mlima una futi 19,341. Ndege yetu, hata ikiwa tupu, huishiwa pumzi kabla ya kufika huko.

Njia ya kwenda Malindi mtu anaweza kuifuata bila chombo chochote, kwa macho tu. Mto Athi hupita nyuma ya Nairobi, hukumbatia uwanda wa Yatta, ule ukuta mrefu wa lava ulionyooka kwa karibu kilomita 300, kisha hukutana na mto Tsavo na kuitwa Galana, na ukikaribia bahari huitwa Sabaki, nao humwaga maji yake kaskazini kidogo tu ya Malindi. Nilizaliwa karibu na mdomo wa mto huu na sikuwahi kuuona wote kwa mara moja. Upande huo huo wa kulia, mbali, zilienda reli ya SGR na barabara ya Mombasa, na malori juu yake kama yamesimama. Voi ilikuwa mbali zaidi. Nilianza kusimulia kwamba ni hapo mwindaji Denys Finch Hatton alipokufa Mei 1931, yeye na mtumishi wake Kamau, ndege yake ndogo aina ya Gipsy Moth ilipoanguka baada tu ya kuruka. Shemeji alinikata: "Shemeji, hadithi hiyo utamalizia chini."

Juu ya Tsavo palikuwa na mawimbi madogo ya hewa, joto lilipoanza kupanda kutoka kwenye udongo mwekundu. Lita hamsini kwa saa, nilikuwa nikihesabu, lita hamsini kwa saa. Halafu bahari ikatokea mapema kuliko nilivyotarajia, kwanza kama mstari, kisha rangi. Tuliteremka, masikio yakaziba, na jasho likaanza kabla hatujafika chini. Upepo wa kaskazi ulitupiga ubavuni kulia. Shemeji aliinamisha bawa kuuelekea, akagusa kwa gurudumu moja, kisha la pili, kisha la mbele. Kapteni aliiondoa mikono yake kwenye magoti, ambako ilikuwa imekaa kwa makini sana.

Kabla ya kuzima, alimwambia shemeji apeleke nguvu mbele kwa nukta chache huku amekanyaga breki. "Tazama," akaniambia. Sindano ile ile iliyogoma kwenye 24 Nairobi ilipanda hadi 29. Injini ile ile, mafuta yale yale. Pwani ndege hii ina misuli ambayo Wilson haijawahi kuiona.

Kambi ya macho ilifanyika, viazi vilifika, mama alisema ndege ni kelele bure. Tulilala, tukarudi kesho yake bila kisa, na kama Kapteni angekuwa mtu wa kuridhika upesi, majaribio yangekuwa yameisha. Lakini alimpigia simu daktari wa meno aje uwanjani saa saba mchana. Tulipotua alikuwa anatungoja. Kipimajoto kilisoma 27. Tuliongeza avgas kiasi, tukapanda wote wanne, sanduku likiwa nyuma, jumla ikiwa kama kilo 470, chini ya mzigo wa asubuhi ya jana.

Nilidhani tofauti ingekuwa ya kitaalamu, ya kuonekana kwenye saa tu. Haikuwa. Njia iliendelea kukimbia chini yetu mpaka nikaanza kuhesabu taa za pembeni. Tulipopaa, uzio ulipita karibu kuliko jana, na sindano ya kupanda, iliyokuwa imeonyesha 700 tukiwa wazito zaidi, sasa haikufika 500. Daktari wa meno alikuwa kando yangu. Hakusema chochote kuhusu Cirrus wala parashuti. Alisema, "Na tungebeba 518 saa hii?" Kapteni alijibu kwamba ndiyo sababu walikunywa chai kwanza.

Kapteni mwenyewe angechukua 206. Alisema wazi: mzigo karibu kilo 700, mlango mpana, siku utakayohitaji nafasi utakuwa nayo. Shemeji alishikilia 182, na mimi, ambaye sikutakiwa kupiga kura, naona alikuwa na haki. Mwenye 206 huilipia 206 kila saa anayoruka, hata akiwa yeye na muuguzi tu. Kambi kubwa ni chache. Kwa siku hizo Wilson haina uhaba wa 206 za kukodi pamoja na rubani wake. Ndege ya kununua ni ile ya safari ya kila mwezi. Kapteni alikubaliana na nusu ya hoja, akaongeza yake: wakikaa chini ya saa mia moja za kuruka kwa mwaka wote watatu, waache kununua kabisa na wakodi. Walihesabu upya. Zilipita mia, si kwa mbali.

Mzee alibadilisha silinda ya tatu kwa gharama zake, na bei ikashuka kidogo baada ya fundi kuonyesha karatasi yake yenye herufi kubwa. Washirika watatu waliandikiana mkataba: kila mmoja hulipa kila mwezi sehemu ya bima, banda na ukaguzi wa mwaka, na kwa kila saa ya kuruka hutia fedha kwenye akaunti ya injini, maana injini hizi hufumuliwa na kufanywa upya baada ya saa kati ya 1,500 na 2,000, na bili hiyo haiji kwa kubisha hodi. Pipa la avgas sasa hutangulia Malindi kwa lori kabla ya tarehe ya kambi, na hakuna anayeruka hadi mtu amelishika kwa mkono na kupiga simu.

Nawe msomaji, ukiwahi kutaka ndege ya kurukia kutoka Nairobi, Arusha, Eldoret au kiwanja kingine cha juu, kataa kurushwa na muuzaji asubuhi. Nenda saa saba mchana, siku ya jua, ukiwa na watu wako wote na mizigo yako yote imepimwa, na fundi wako mwenyewe awe ameshaifungua filta.